Mende Walipokula Majina

Juma lililopita nilirudisha ufunguo wa laboratwari, na tangu siku ile mdogo wangu Neema ananiita mustaafu. "Mustaafu, leta maji. Mustaafu, chungu kinaungua." Mimi bado kijana kabisa. Sijui kama kuna mtu mwingine hapa kambini Nakivale aliyestaafu mbele ya kuota magego ya mwisho, lakini kazi ni kazi, na ile yangu imeisha. Ninaenda Mbarara kusoma mambo ya maabara ya hospitali, fasi wanapima damu na mkojo. Ninyi wawili mtakaoshika ufunguo nyuma yangu mliniomba niwaeleze kazi. Nilipoanza kuwaeleza kwa mdomo mkaanza kuangalia simu. Basi ninaandika. Mkiangalia simu katikati ya kusoma, mimi sitaona.

Mshahara sitauzungumzia. Hauchukui fasi kubwa, hata kwa karatasi.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimemaliza sekondari juzi juzi. Mkuu wa shule yetu, Madam Kemigisha, aliniita mu ofisi yake. Madam ni mwalimu wa historia, mtu wa Isingiro, amekaa na sisi wakimbizi miaka mingi mpaka Kiswahili chake kimekuwa nusu cha kwetu Kivu.

"Furaha, ulifaulu kemia?"

"Nilifaulu, madam."

"Basi utachunga laboratwari. Usiichome."

Hiyo njo ilikuwa semina yangu yote. Nikapewa koti jeupe la mtu mkubwa sana, mikono yake ilinifika magotini. Mama alilikata na mkasi, na kitambaa kilichobaki akatengeneza mafuniko ya sahani. Kuhusu laboratwari yenyewe, ninyi mnaiona leo na karo mbili za kuoshea mnafikiri ilizaliwa hivyo. Siku zile kulikuwa meza ndefu, rafu ya mbao, jerikani la maji, na jedwali la elementi ukutani. Mjusi alikuwa anakaa juu ya kriptoni. Hakuna mtu alimsumbua, ju kriptoni pia haisumbui mtu.

Nilikaa pale najisikia mkubwa. Kisha pikapu ikaja kutoka Mbarara na masanduku, na juu ya masanduku alikuwa amekaa Mzee Tumwine.

Mzee Tumwine ni Munyankore wa Nyamitanga, Mbarara kule. Alifanya kazi mu laboratwari za shule za Mbarara mpaka nywele zikamtoka, na shule yetu ilimuomba aje anionyeshe kazi. Kiswahili alikiokota zamani kwa askari wa kambi ya jeshi, na kinatembea bila viatu. Nilimsalimia vizuri, kwa heshima, "Bonjour, Mzee." Akaniangalia juu mpaka chini.

"Hapa hapana bonjour. Hapa iko asidi."

Akanipa chupa ya asidi.

"Wewe nashika namna gani hiyo chupa?"

"Kwa mkono, Mzee."

"Mkono naona. Jina iko upande gani?"

"Upande wa nje."

"Geuza. Jina nakaa kwa kiganja. Asidi nateremka upande ya kumwaga, kama jina iko huko, asidi nakula jina. Kesho wewe naangalia chupa, chupa naangalia wewe, hapana mtu najua."

Niligeuza. Mpaka leo hata chupa ya mafuta ya kula ninaishika hivyo, jina kwa kiganja, na Mama anasema nina madaha.

Halafu akaniletea moto. Hatukuwa na gesi, tulikuwa na taa ya spiriti, na waya tuliokata kwa jiko la umeme lililokufa. Muutunze ule waya, mnauosha mu asidi, mnauchoma, mnauosha tena. Unachovya kidogo mu chumvi unayotaka kujua, unaweka kwa moto, na moto unabadilisha rangi. Kalsiamu nyekundu kama tofali. Bariamu kijani ya majani machanga. Shaba kijani inayoelekea bluu. Potasiamu zambarau hafifu, ukipepesa macho imepita. Nilisoma hayo yote kwa kitabu nikayakariri, lakini kuyaona kwa macho nilikuwa bado. Nilishika waya, sikuweza kungoja.

Chumvi ya kwanza, moto ukawa manjano. "Sodiamu!" nikasema.

Ya pili, manjano. "Sodiamu!"

Ya tatu, manjano kama boga. "Sodiamu tena. Mzee, walikuuzia sodiamu tupu. Walikuibia."

Mzee hakucheka. "Wewe nakula nini leo?"

"Karanga."

"Ya chumvi?"

Nikaangalia vidole vyangu.

"Basi," akasema, "asubuhi yote sisi napima karanga yako."

Nilinawa. Tukaanza upya, na kweli, rangi zikaja moja moja kama wageni wenye haya. Mzee akanieleza kwamba sodiamu ni yule mtu wa mkutano anayepiga kelele mpaka wengine hawasikiki, hata kidogo chake kinafunika potasiamu nyingi. Akatoa mfukoni kipande cha kioo cha bluu, cha chupa iliyovunjika, akakisugua kwa shati. Ukiangalia moto kupitia kile kioo, manjano inabaki nyuma na zambarau ya potasiamu inapita. Kipande hicho kiko mu droo ya kushoto, kimefungwa na kitambaa. Atakayekipoteza, nitamjia kutoka Mbarara kwa miguu.

Mambo ya makundi ya lile jedwali pia alinifundisha yeye. Shuleni nilikuwa nimekariri: kundi la kwanza, ukishuka chini ukali unaongezeka, kundi la saba, ukishuka chini ukali unapungua. Niliandika hivyo mu mtihani, nikapewa alama, na sikujua ni kwa nini. Mzee aliponiuliza kwa nini, nilisema, "Ju njo iko hivyo." Akashika kichwa.

"Wewe najua ng'ombe?"

"Ninajua."

"Lithiamu, sodiamu, potasiamu, hawa ndugu. Kila moja iko na ng'ombe moja huko kwa boma ya mwisho, ya nje kabisa. Lithiamu, nyumba yake dogo, ng'ombe nalala karibu na mlango, mzee wa nyumba naona yeye. Potasiamu boma yake mingi, moja ndani ya ingine, ng'ombe iko mbali kabisa. Mtu napita, nachukua. Mzee hapana hata sikia."

"Ehe, ng'ombe ni elektroni."

"Sasa kundi ya saba. Hawa boma yao nabaki fasi ya ng'ombe moja tu, halafu najaa. Klorini iko mfupi, boma iko karibu, yeye naita ng'ombe, ng'ombe nasikia haraka. Iodini iko mbali, yeye naita, naita, ng'ombe nakula majani. Klorini nakuta iodini iko na ng'ombe, klorini nachukua."

Akamwaga maji ya klorini kidogo mu iodidi ya potasiamu, ambayo ilikuwa haina rangi kama maji ya kisima. Ikageuka kahawia papo hapo. "Ona," akasema, "iodini narudi nyumbani mikono mitupu."

Nilipopeleka hiyo ng'ombe kwa wanafunzi, walinishinda. Nusu yao wazazi wao ni wachungaji wa ng'ombe kutoka Kivu. Mmoja akasimama nyuma: "Dada Furaha, baba gani wa akili anaacha ng'ombe yake ilale mbali hivyo?" Mwingine akajibu: "Baba yako!" Saa yote ikaishia hapo. Lakini mu mtihani hakuna aliyekosea makundi. Kwa hiyo mkifundisha, chukueni ng'ombe, na muache wagombane kidogo.

Nitrati ya fedha ninyi mtaijua kwa vidole. Inapima ndugu za klorini: kloridi inatoa weupe kama maziwa, bromidi inatoa rangi ya samli, iodidi inatoa manjano. Unaweka amonia hafifu, ule weupe wa kloridi unayeyuka, manjano ya iodidi inakaa pale pale. Ni kipimo kizuri kupita vyote. Shida, tone moja likikugusa ngozi, mwangaza wa jua unaligeuza jeusi, na sabuni haiogopi. Jumapili ya kwanza niliimba mu kwaya na vidole vitatu vyeusi. Mama mchungaji akanivuta pembeni, akauliza kwa upole kama nyumbani kuna mtu ananichoma. Nilimueleza kemia yote pale kwa mlango wa kanisa. Alitikisa kichwa, akaniombea hata hivyo.

Sasa tufike kwa mambo ya gundi, ju najua hilo njo mnangojea.

Asidi na amonia zilikuja mu chupa zake, na majina yamechapwa kiwandani. Lakini zile chumvi kavu, za unga na za chembe, zilikuja mu pakiti kubwa kubwa za plastiki. Tulizigawa mu mikebe ya siagi ya karanga na ya jemu, mikebe ya kioo yenye kifuniko kizuri, tuliyoomba nyumba kwa nyumba. Nikakata karatasi, nikaandika majina kwa mwandiko wangu wa Jumapili. Gundi ya duka ilikuwa imekauka ndani ya chupa yake, imekuwa jiwe. Mama akasema, "Gundi njo shida? Leta jungu."

Kila mtu wa kwetu anajua gundi hiyo. Unga wa muhogo, maji, moto mdogo, unakoroga mpaka inang'aa. Tunabandikia matangazo ya kanisa, tunafunikia madaftari ya watoto, wengine wanatengenezea tiara. Ikikauka haiachii. Mama aliipika safi, bila bonge, nikabandika mikebe yote, karibu ishirini. Mzee Tumwine alikuwa amesharudi kwake Nyamitanga. Nilisimama mbele ya rafu nikaiona inafanana na duka la dawa la mjini. Nikafunga mlango, likizo ikaanza.

Tuliporudi, Neema alikuwa wa kwanza kuingia. Alikuwa senia foo mwaka ule, darasa la mtihani, na alikuwa amekuja kunisaidia kufagia.

"Da Furaha, majina iko wapi?"

"Majina gani?"

"Ya mikebe."

Mikebe ilikuwa inang'aa kama meno. Juu ya rafu kulikuwa vumbi la karatasi, na kipande kimoja kimeandikwa "ridi", basi. Mende mmoja akatoka nyuma ya jagi, mnene, anatembea taratibu kama mtu ametoka harusini. Wamekula gundi, na karatasi wamekula pamoja nayo kama mboga. Chupa za asidi hawakuzigusa. Gundi ya kiwanda hawakuipenda.

Mnajua maana yake. Mikebe ishirini, mingi ina unga mweupe, na unga mweupe wote ni mapacha. Mmoja ni chumvi ya jikoni tu. Mwingine ukiulamba unalala hospitali.

Madam Kemigisha alikuja mbele sijapata hata uongo wa kusema. Alisimama mlangoni, akahesabu rafu kwa macho.

"Mimi nilisoma historia," akasema, "lakini chupa ya sumu isiyo na jina ninaielewa vizuri. Mtoto akiungua mkono hapa, nitamwambia nini mama yake? Yote inaingia shimoni."

"Madam, mtihani wa vitendo uko karibu."

"Ninajua uko karibu."

"Tukizika, senia foo watapima nini?"

"Hawatapima. Wataandika karatasi ya maswali peke yake."

Nyuma yangu nilisikia ufagio umesimama. Neema alikuwa anataka kusoma uuguzi, tangu akiwa mdogo, tangu tulipofika hapa na muuguzi mmoja wa zahanati akamfunga mguu na kumpa kipande cha bendeji achezee. Na bila alama nzuri ya kemia shule za uuguzi hazimuangalii. Alama nzuri bila kupima haipatikani. Na pakiti zingine kutoka Mbarara hazingefika mbele ya mtihani, tulikuwa tumeshauliza mbele ya likizo. Siyo Neema tu, darasa lote, lakini mimi nilisikia ufagio wa Neema.

"Nipe siku chache, madam. Nitairudishia majina yote."

"Kwa kukisia?"

"Kwa kupima."

Aliangalia rafu tena. "Mpaka Ijumaa. Ijumaa fundi anakuja kuchimba."

Kesho yake nilikuwa Mbarara. Nilimkuta Mzee Tumwine nyumbani anapalilia migomba. Nilimueleza yote, isipokuwa gundi niliiruka, nikasema tu "mende". Alichukua mfuko wake. Mbele ya kupanda gari alinipeleka kwa duka la Nyamityobora kununua maji safi yale wanaongeza kwa betri za gari, yasiyo na asidi. Muandike hii kwa ukuta: maji ya kisima chetu yana kloridi ndani. Ukiyatumia na nitrati ya fedha, kila kitu kinatoa weupe, na utaapa kwamba dunia nzima ni chumvi ya jikoni.

Mzee alipoingia laboratwari hakuangalia mende. Alichukua mkebe mmoja, akaona alama iliyokauka pembeni, fasi karatasi ilikuwa. Akachukua dropa, akadondosha iodini juu yake.

Bluu nyeusi. Mara moja.

"Hii wanga," akasema. "Nani napika hii gundi?"

Nilitamani kuwa mjusi wa kriptoni. "Mama yangu."

"Ya muhogo?"

"Ya muhogo, Mzee."

Akacheka mpaka akakaa chini juu ya sanduku. "Mimi nafundisha iodini na kiazi miaka yote. Banange! Leo iodini nakamata mama yako!"

Jioni nilipomueleza Mama, hakuona aibu hata kidogo. "Bale mende bako na akili," akasema. "Ile gundi ilitoka muzuri sana. Mulisema ya duka ni ya mawe, sivyo? Nani atakula mawe?"

Tulianza kazi. Neema alikuwa anaosha tyubu na kutuandikia, mimi ninapima, Mzee anakaa juu ya sanduku lake kama refa. Kwanza zile zinazojitaja zenyewe: bluu ile ni salfeti ya shaba, hata kipofu anaijua, na ile ya kijani hafifu tuliidondoshea soda kali ikatoa uchafu wa kijani, ni chuma. Mmoja tuliupasha moto na soda kali ukatoa harufu ya mkojo wa zamani, karatasi nyekundu ya litimasi, iliyolowa maji, ikageuka bluu: amonia. Mingine ilichemka ilipopata asidi, tukapitisha ule mvuke mu maji ya chokaa, yakawa maziwa: kabonati.

Neema akashika mkebe mmoja wa chembe nyeupe. "Si hii ni chumvi ya kula tu? Nionje kidogo?"

"Weka chini!" Mzee alisimama, mara ya kwanza siku ile. "Ulimi yako iko ngapi?"

"Moja."

"Basi chunga yeye."

Ilikuwa chumvi ya kula kweli, nitrati ya fedha na moto wa manjano vilisema hivyo. Neema alinong'ona, "Si nilisema?" Mzee akajifanya hasikii.

Nilikuwa na haraka, siwafichi. Tulibaki na mikebe mitatu ya weupe, yote kloridi, na mwangaza ulikuwa unaisha. Waya wetu ulikuwa umechoka, unatoa manjano hata peke yake, moto haukuaminika tena. Mikebe miwili ilikuwa imelowa ndani kama imelia. Tulikuwa tunakumbuka kwamba mu pakiti kulikuwa magnesiamu, kalsiamu na bariamu, ndugu watatu wa kundi la pili. Nani ni nani?

"Mzee, tubandike tu. Wako watatu, majina yako matatu."

"Wewe nakimbia naenda wapi? Nyumba nawaka? Hawa jamaa moja. Jamaa iko na tabia. Salfeti yao, ukishuka chini, nakataa maji zaidi na zaidi. Haidroksidi yao nafanya kinyume. Sasa fikiri."

Nilifikiri, kwa uchungu. Nikaweka asidi ya salfuriki hafifu mu kila tyubu. Wa kwanza akabaki maji safi. Wa pili akabaki safi, halafu baada ya muda akaanza ukungu mdogo, kama mtu anayesita. Wa tatu akatoa weupe papo hapo, mzito. Nikarudia na soda kali mu maji hafifu ya kila moja. Yule wa kwanza akatoa weupe mwingi, wa pili kidogo, wa tatu hakutoa kitu. Wamejipanga wenyewe, juu mpaka chini, kama ile foleni ya jedwali ukutani. Magnesiamu, kalsiamu, bariamu. Nilipiga kelele mpaka walinzi wa geti wakauliza kuna nini.

Kesho yake Mzee alirudi Mbarara, mke wake alikuwa anamngojea. Lakini kabla hajaenda tulikuta mkebe mmoja nyuma kabisa, ambao hata mimi sikuukumbuka. Labda ulikuwa mu sanduku kuukuu la waliotumia chumba hiki mbele yetu. Unga mweupe, laini. Tuliuweka mu maji, ukalala chini. Mu asidi, ukalala chini, hata bila povu. Tuliupasha moto mpaka tyubu ikawa nyekundu, unga ukabaki unga. Iodini haikubadilika, kwa hiyo Mama alikuwa hana kesi hapo.

"Ni chokaa," nikasema.

"Chokaa nachemka na asidi. Hii nachemka?"

"Hapana. Basi salfeti ya bariamu. Inafanana."

"Nafanana, ndiyo. Na poda ya mtoto pia nafanana. Wewe najua?"

"Mzee, Madam atakuja Ijumaa na fundi! Nikiacha mkebe mmoja bila jina, atasema sikujua kazi, atazika yote. Jina moja tu!"

Alikuwa anafunga mfuko wake. "Andika kitu wewe najua."

"Sijui kitu."

"Basi hiyo andika."

Akaenda. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukaanza kukauka. Mara mbili niliandika "Salfeti ya bar" nikakata. Mwishowe niliandika HATUJUI, na chini yake, kwa herufi ndogo: haiyeyuki kwa maji, haiyeyuki kwa asidi, moto hauibadilishi, siyo wanga. Nikafunga karatasi zote kwa waya mwembamba shingoni mwa mikebe, nikapaka nta ya mshumaa juu. Hivyo mnavyoziona mpaka leo. Msije mkabadilisha na gundi.

Ijumaa Madam alikuja mbele ya saa sita, na nyuma yake fundi na chepeo, udongo mpya kwa magoti. Alikuwa ameanza kuchimba asubuhi. Neema na wenzake wote wa senia foo walikuwa wamejazana dirishani, wanajifanya wanapita.

"Haya," akasema Madam. "Mimi ninachagua, wewe unanionyesha."

Akachagua mkebe wa katikati. Nikapima mbele ya macho yake: asidi, povu, maji ya chokaa yakawa maziwa. Alisoma karatasi, akaitikia kwa kichwa. Akachagua wa juu. Nitrati ya fedha, weupe, amonia, weupe ukayeyuka. Kisha akapeleka mkono nyuma, nyuma kabisa, na mimi nikajua anachukua nini hata mbele hajakishika.

Akasoma. Akaleta karibu na macho, akasoma tena.

"Furaha, hii ni nini?"

"Hatujui, madam."

"Hamkupima?"

"Tulipima na kila kitu tulichokuwa nacho. Na Mzee Tumwine alikuwapo."

"Na hukuweka jina."

"Sikuwa nalo."

Dirishani mtu alisema "aiii" kidogo. Madam aliangalia rafu nzima, mkebe kwa mkebe, polepole, na karatasi zake za waya na nta. Akarudisha macho kwa ule aliokuwa ameushika.

"Kama mngekuwa watu wa kukisia," akasema, "hii njo mngeikisia ya kwanza."

Akamgeukia fundi. "Shimo la mkebe mmoja."

"Madam," akasema fundi, "nimeshachimba la yote. Hata ng'ombe anaingia."

"Basi rudisha udongo."

Yule mwanaume aliniangalia vibaya sana. Alirudisha udongo mpaka saa za chakula, anasema peke yake. Lakini senia foo walikuwa wameshaingia, wanasukumana kwa meza, na Neema mbele yao, kifua nje, anasema kwa sauti kama ya mkuu wa shule:

"Mtu asiguse kitu! Kwanza unasoma jina."